Kwa Miguu Mpaka Igalula

Jumatatu, 5 Juni 1967

Nimeamua. Kitambi kitoke! Si kwa ajili ya afya. Afya ninayo, tena ya kumuazima jirani. Ni kwa ajili ya Sikuzani.

Tawi letu hapa Mtendeni, Tabora, limetangaza matembezi ya kuunga mkono Azimio. Watu watashika njia ile ile ya misafara ya zamani, kuelekea mashariki, mpaka Itigi. Na katibu anataka mzee mmoja atangulie na bendera, isije ikasemwa Ujamaa ni mambo ya vijana. Akataja mahali pa kupumzika. Pa kwanza penye watu wengi: Igalula. Nusura nimkumbatie!

Igalula ndiko aliko mke wangu. Alikwenda mwaka juzi kumuuguza mama yake. Mama akafa, Mungu amrehemu, tulikuwa hatupendani. Nikangoja Sikuzani arudi. Kimya. Nikapanda gari la moshi kumfuata. Akanipikia, akanitandikia, asubuhi akanisindikiza stesheni. Pale akaniambia mwanamume anayekuja kuchukua mke na tiketi ya kurudia mfukoni hakuja kuchukua, amekuja kuuliza. Tiketi yenyewe ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati. Nikaisukuma ndani. Akacheka, akageuka, akaenda zake shambani kwa marehemu mama yake.

Kwao wanaume wote walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe begani. Kwetu pia, mpaka kwa baba. Halafu nikaja mimi, fundi makatambuga, nimekaa kitako maisha yangu yote nikikata matairi ili wengine watembee.

Sasa nitafika kwa miguu. Mbele. Na bendera. Aone!

Jioni nimejaribu kwenda mpaka sokoni na kurudi. Nimerudi nimepakiwa kwenye baiskeli ya muuza maziwa.

Jumatano, 7 Juni

Nimepata mwalimu wa mazoezi. Bure! Akili ni mali.

Ni Damas, koplo wa zamani, anayewafundisha kwata vijana wa tawi. Mzaramo wa Bagamoyo. Maana yake mtani wangu mimi Mnyamwezi, tangu enzi za wapagazi. Nikamwendea nikamwambia: wewe mla pweza, babu zako walimlisha babu yangu papa aliyeoza akaharisha mpaka Morogoro, njoo uwaombee msamaha kwa kunitoa kitambi hiki. Mtani hakatai.

Alikuja alasiri. Akaanza na shikamoo, kwa adabu zote. Nikaitika marahaba. Adabu ikaishia hapo. Akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akatangaza kwa mtaa mzima kwamba huyu si mtu, hiki ni kihenge cha mtama kilichovalishwa kanzu.

Kuchuchumaa. Kusimama. Kuchuchumaa. Kusimama. Filimbi sikioni. Dada yangu Amne, anayenipikia tangu Sikuzani aondoke, alitoa kigoda nje akakaa kutazama. Nilipochuchumaa mara ya mwisho sikuinuka. Amne akasema, kaka, ukitaga utuambie.

Hayo si kitu. Chakula cha jioni! Ugali na migebuka ya nazi, migebuka imekuja na treni ya Kigoma. Nimenawa tu, Damas huyu hapa, amekaa, anakata tonge. Akala samaki wote. Nikalalamika. Akasema mwalimu mzuri humfuata adui kwenye chimbuko lake. Na akaniuliza kama nimesahau: mtani akiingia jikoni kwako, ulimi wako kabatini.

Ni kweli. Ndiyo mila. Ningemfukuza, mji mzima ungenicheka mpaka kiama.

Sikuzani angenifichia kipande chini ya ugali. Wageni wakija wengi ndivyo alivyofanya siku zote. Ulikuwa unachimba tu, unakikuta.

Ijumaa, 9 Juni

Baada ya sala Damas akatoa amri: mpagazi ni mzigo. Nijaze gunia mchanga, nilitie begani, twende mpaka Kitete na kurudi.

Nikajaza sufi. Juu nikatupia mchanga wa kuonyesha.

Ah, nilivyotembea! Nilipita mbele ya hospitali nikiimba. Wanawake waliokuja kuona wagonjwa walisimama kando kunipisha. Mmoja akasema, tazameni wazee wa zamani, hawa ndio wanaume. Nikamwitikia kwa kikohozi kizito. Nikatamani Sikuzani awepo asikie neno lile, kwa sauti ile ile.

Kurudi nyumbani, Damas akalinyanyua gunia kwa kidole kimoja. Mzaramo akinyamaza, jua kumeharibika. Akalifungua, akatoa sufi yangu yote, akasema mkewe alikuwa anahitaji godoro. Utani tena! Kisha akajaza mawe. Akayachagua mwenyewe, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya.

Akala na chakula cha jioni. Njugu mawe. Nikamwambia amekula mawe yangu ya ndani akaniachia ya nje. Amne peke yake ndiye aliyecheka.

Jumapili, 11 Juni

Msiba! Selemani naye anataka bendera.

Selemani fundi kofia, mlango wa pili kutoka kwangu. Mwembamba kama sindano yake. Hana kitambi cha kutoa, hana mke wa kufuata, anaitaka bendera kwa husuda tu. Nilimuuliza Itigi ana nini. Akasema hana kitu, ila amesikia mimi nina haraka ya kufika mahali, na yeye hupenda kutangulia watu wenye haraka.

Katibu ameamua kutupima. Jumamosi, Kipalapala na kurudi. Atakayemridhisha atabeba bendera.

Asubuhi mawe. Mchana matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo sikuyala, aliyala nani, tunajua. Jioni mawe.

Jumanne, 13 Juni

Hila ya leo ni tamu kama asali ya mwituni.

Nimemtengenezea Selemani makatambuga. Zawadi! Tairi la lori, mkanda mzuri, misumari imelala vizuri. Ila mkanda wa kidole gumba nimeubana kidogo. Kidogo tu. Kabla ya kufika Kipalapala atakuwa na malengelenge ya kumwita mama.

Alipokea kwa mikono miwili. Akanishukuru sana. Machozi yakamlengalenga kidogo, jambo ambalo halikunipendeza.

Niliporudi ndani nikaona ndala za zamani za Sikuzani ukutani. Nilimtengenezea mwaka ule Tatu, binti yetu, alipozaliwa. Zimekauka zimejikunja. Hakwenda nazo. Amne aliwahi kutaka kuwashia moto, tukagombana siku mbili.

Nimezipaka mafuta.

Jumamosi, 17 Juni

Kipalapala. Nitaandika yote, hata yanayouma.

Selemani alikuja pekupeku. Makatambuga yangu ameyavaa shingoni, yamefungwa kwa kamba, kama talasimu. Akamweleza katibu, mbele ya watu, kwamba kitu alichopewa na rafiki wa kweli hawezi kukikanyagisha mavumbi. Watu wakampigia makofi. Mimi pia nikapiga. Ningefanyaje?

Tukaenda. Na jambo la ajabu ni hili: sikuchoka. Nilingoja pumzi ikatike, haikukatika. Nilingoja goti lilalamike, kimya. Tulifika seminari, Wakristo wa pale wakatupa maji ya kisima, wakulima wakatusalimu Kinyamwezi, nikawaitikia bila kuhema! Damas, aliyekuwa pembeni na filimbi yake, alinitazama kwa jicho la mtu aliyeona punda akisoma. Kurudi nilimwacha Selemani nyuma. Mimi! Kihenge!

Nikaona nimeshinda. Hapo ndipo nikafanya kosa la kusema.

Nilimwambia katibu kwamba Selemani angeyavaa makatambuga yangu angekuwa amelala njiani sasa hivi, amshukuru Mungu aliyemwonya. Katibu akauliza alimwonya nini. Nikasema hakuna. Akayachukua yale makatambuga shingoni kwa Selemani, akayavaa. Akatembea hatua chache. Akakunja uso.

Bendera, Selemani. Mimi nimepewa sufuria. Sufuria kubwa la shughuli, la kupikia wasafiri. Katibu akasema mtu mwenye nguvu namna ile ni hasara kumpa kitambaa.

Babu yangu alibeba pembe za ndovu. Mimi sufuria.

Jumatano, 21 Juni

Suruali imeanza kuanguka. Amne ameutoboa mkanda tundu jipya. Akasema, kaka, sasa unafanana na yule kijana aliyepeleka posa Igalula akala mbuzi peke yake. Nikamwambia kijana yule alikuwa mnene. Akasema hapana, alikuwa na njaa.

Damas bado anakula kwangu. Bado mawe. Leo alinipima tumbo kwa kamba ya filimbi, akafunga fundo, akasema kama ningekuwa kuruta wake angenitia mbele ya kikosi. Kisha akajikumbuka, akaongeza kwamba angenitia mbele ili risasi zinianze mimi.

Leo nimechemsha chai, nikamimina vikombe viwili. Kikombe cha pili kikapoa pale pale. Nilikinywa baridi. Ni mazoea ya mkono tu, mkono hauna akili.

Tukifika Igalula Sikuzani atamwona nani mbele? Selemani. Na bendera inapepea! Mimi nyuma kabisa, sufuria kichwani, masizi mpaka kwenye ndevu. Atasema: huyu ndiye aliyekuja kunichukua, au amekuja kuosha vyombo?

Haiwezekani. Lazima nifike kabla yao.

Jumamosi, 24 Juni

Tumeondoka! Ngoma, vigelegele, Mtendeni yote barabarani. Amne alinifungia karanga kwenye kitambaa, akasema nimsalimie wifi yake, na kwamba nisipomleta nisirudi na maneno marefu.

Njia nzima nimebeba sufuria. Sikulitua hata mara moja. Damas alipita ubavuni mwangu akaniambia Mnyamwezi leo umerudi kwenu. Nilitafuta tusi ndani yake sikuliona. Nikaona aibu kidogo. Nikamtukana mimi.

Tumefika kijiji cha njiani kabla jua halijazama. Tunalala hapa. Miguu yangu myekundu ya vumbi mpaka magotini. Nzima. Kesho mchana Igalula.

Reli iko hapo tu, nyuma ya nyumba za wenyeji. Mafundi wa reli wana kiberenge chao. Nimekwenda kuwasalimu. Salamu tu.

Jumapili, 25 Juni

Asubuhi nikamwambia Damas nakwenda haja. Nikaenda na sufuria.

Mafundi wa reli walikuwa wanakwenda upande wa Igalula. Niliwaambia mimi ni mtangulizi wa msafara, nimetumwa kutayarisha mapokezi. Wakanisogezea nafasi. Jamani, kiberenge! Upepo usoni, sufuria mapajani, vichaka vinakimbia vyenyewe. Kabla ya kufika niliwaomba wasimame kwenye kijito. Nikaoga. Nikabadili shati. Nikajipaka mafuta. Nikanawa miguu vizuri, hata katikati ya vidole. Niliwaza: mwanamke hajakuona mwaka mzima, utamfikia na uchafu?

Nikaingia Igalula kwa miguu, sufuria kichwani kama taji. Mbele ya wote.

Sikuzani alikuwa anaanika mtama. Amevaa kanga ile ya zamani, ameifunga upande wa kushoto kama siku zote. Alinyoosha mgongo. Akaniangalia. Akaangalia njia nyuma yangu, haina gari, haina treni. Nikasema nimekuja. Akasema, kwa sauti ndogo, Baba Tatu, kwa miguu? Nikasema kwa miguu. Na tiketi je? Nikageuza mifuko yote nje.

Mungu wangu, alivyocheka! Aliweka mkono mdomoni. Akanivutia kigoda. Ningekufa pale pale ningekufa nimeshiba.

Halafu akaleta beseni.

Nilikuwa nimesahau. Kwao mume akitoka safari ya miguu, mke humwosha miguu kabla ya neno lolote lingine. Bibi zake waliwaosha wapagazi waliotoka pwani. Maji ya moto, mkono wake, kisigino changu. Aliosha taratibu. Hakuacha kidole. Kisha akalitazama beseni. Maji meupe. Ungeweza kuyanywa.

Akauliza, polepole, nimepitia wapi. Nikasema njiani. Akasema njia ya Igalula msimu huu ina vumbi mpaka kwenye kope. Nikasema mimi hutembea kwa uangalifu.

Alibeba beseni akamwagilia miche yake ya pilipili.

Msafara uliingia mchana, una njaa ya simba. Hawakunywa hata uji, sufuria lao mimi ninalo! Selemani mbele na bendera, mwekundu mwili mzima kama tofali. Damas hakunipa shikamoo. Kwa haki yote ya mtani alisimama katikati ya uwanja akaeleza mambo yote: kiberenge, haja iliyohitaji sufuria, sufi, makatambuga. Watu wakalia kwa kicheko. Mimi nikacheka pia, mtani hakasirikiwi. Uso uliniuma.

Sikuzani hakucheka. Alikuwa anawapikia, katika sufuria lile lile.

Kisha Damas akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akamwambia: shemeji, lakini jana mzee huyu alibeba hilo dude kutoka Tabora mpaka tulipolala bila kulitua. Angefika. Alikuwa amebakiza asubuhi moja tu.

Sikuzani akauacha mwiko. Akanitazama muda mrefu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 26 Juni

Nililala chumba cha shemeji. Sikuzani kwake.

Alfajiri aliniletea uji wa ulezi. Nikamwomba msamaha. Akasema hataki msamaha, msamaha ninao mwingi, huwa nauleta kila mahali kama karanga. Nikamuuliza anataka nini basi. Akakaa chini. Akasema usiku ule nilipokuja na ile tiketi hakulala, alikuwa ameshafunga mzigo wake wa kuondoka na mimi. Alipoiona tiketi, ni moja. Ya kwangu peke yangu.

Sikuwahi kufikiria hilo. Wallahi sikuwahi. Ilikuwa ni moja kweli.

Nilisema nitabaki hapa. Akakataa. Akasema niende na wenzangu mpaka Itigi, nirudi kwa miguu, niingie kwa njia ile na vumbi langu. Hajali Azimio, hajali bendera. Anataka siku moja mtu atoke mbali kwa ajili yake na auone umbali huo. Nikifika hivyo, mzigo wake utakuwa mlangoni. Maji yatakuwa motoni.

Kisha akatwaa kanga yake ya zamani, akaizungusha akafanya kata, akaniwekea kichwani mwenyewe, chini ya sufuria. Akaisawazisha. Vidole vyake vilikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitaji kata.

Kwa heri, Baba Tatu. Nikageuka mara ngapi, sijui. Damas alinipigia filimbi, akaniambia nitateguka shingo.

Jumanne, 27 Juni

Goweko. Tumefika salama. Nimetembea njia yote, kwa haki ya Mungu, na kanga yake inanukia moshi na mafuta ya karanga. Damas amenisifu mbele ya wote. Hata Selemani alinigawia maji.

Nimewaza sana. Sikuzani amesema kweli tupu. Nimeielewa vizuri. Mke wangu anataka niuone umbali, na mimi nimeuona: kutoka hapa mpaka Itigi ni mbali mno, na kurudi ni mbali vilevile, na siku zote hizo mimi sitamwona. Hilo ndilo tatizo, si miguu. Miguu ni mizima.

Nimeuliza stesheni. Gari la mizigo linalokwenda upande wa Tabora linapita kesho, na huwa linapunguza mwendo pale Igalula.

Sitaharakisha mambo safari hii. Nitakaa porini siku kadhaa kwanza, ionekane nimetoka Itigi. Nne. Au tatu. Mbili zinatosha.

Na vumbi la Goweko ni zuri sana, jekundu kuliko la Igalula, mtu yeyote atajua limetoka mbali. Nimechota la miguu yote miwili. Nimelifunga kwenye pindo la kanga yake.